Jumamosi za Baba Kunyamaza

Enzi zetu, sisi tuliokulia Kiabakari, siku za wiki tulizijua kwa masikio. Jumatatu ilikuwa kengele ya shule, ile rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini na kugongwa kwa chuma mpaka wachelewaji wanaanza kukimbia na mafagio na madumu yao ya maji. Siku za katikati zilikuwa mashine ya kusaga, inayoamka asubuhi kwa kukohoa na kuzimwa jioni. Jumapili ilikuwa kwaya. Na Jumamosi, kwa nyumba yetu peke yake katika Mara nzima, ilikuwa ukimya wa baba.

Nyinyi wa rika langu mliowahi kupita mashineni kwa Baba Magesa na debe la mahindi kichwani, mnajua ninachosema. Ambao hamkupita, kaeni niwasimulie, maana wanangu nikiwaeleza wanacheka na kudhani natunga.

Mashine haikuwa ya baba. Ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja pale barabarani, lakini baba ndiye aliyeiendesha, na kila mtu alisema anakwenda kusaga kwa Baba Magesa. Kutwa nzima alikuwa mweupe kwa unga, kope nyeupe, nyusi nyeupe, na kitambaa kimefungwa puani na mdomoni. Wateja walimtania kwamba anaonekana jambazi aliyevamia mkate. Kitambaa kile hakikuwa cha kulinda mapafu, angalau si kwa mawazo yake. Kilikuwa cha kulinda koo, kwa sababu baba alikuwa mwimbaji wa sauti ya tatu kwenye kwaya ya parokia.

Kwa msiojua mambo ya kwaya: sauti ya kwanza na ya pili ni za akina mama, ya tatu ni ya wanaume inayopanda juu, na ya nne ni ile inayonguruma chini. Wanaojaribu sauti ya tatu ni wengi. Wengi huifikia kwa kukaza shingo mpaka mishipa inasimama na wewe uliyekaa benchini unaanza kumwombea. Baba yeye alifika kule juu kama mtu anayeingia chumbani kwake. Bibi yetu wa Kiriba, aliyemzaa, alikuwa na maelezo yake. "Huyu alikuwaga akilia," alituambia tukienda likizo, huku anatupakulia ugali wa muhogo na samaki wadogo wa furu, wakavu, "wavuvi waliokuwa mbali huko wanajua nimechelewa kumnyonyesha."

Lakini hadithi ya Jumamosi haianzii Kiriba. Inaanzia kwa padri wetu wa wakati ule, mgeni kutoka Wales, nchi ndogo ya milima na mvua iliyo ubavuni mwa Uingereza. Ukimwita Mwingereza alikasirika waziwazi, na hiyo ndiyo hasira pekee tuliyowahi kuiona kwake. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, ila alikivuta na kukipandisha na kukishusha, ungedhani anaimba tangazo la ndoa. Jumapili ya kwanza aliposikia kwaya, aliacha kupanga vitambaa vyake vya altareni akabaki anamtazama baba. Baada ya misa akamwita nyumbani kwake. Baba alikwenda amevaa shati la harusi akidhani amekosea jambo.

Padri alitoa redio kaseti, akaiweka kwenye meza ya barazani. Mama alikuwepo, sisi watoto tulikuwepo, na nusu ya kwaya ilikuwepo pia, kwa sababu baba kuitwa kwa padri halikuwa jambo la kukaa nalo nyumbani. Kanda ikaanza kuzunguka. Kwanza vinanda vingi, halafu mtu mmoja akaanza kuimba kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Sauti ile ilipanda, tukadhani imefika, ikapanda tena. Kaka yangu Magesa, ambaye hakujua kunong'ona, akauliza, "Huyu kaibiwa nini?"

Padri alicheka mpaka akavua miwani. Akatueleza kwamba huyo ni mtu wa kwao, mwimbaji mkubwa wa sauti ya tatu, na kwamba anachokifanya hapo ni mchezo wa jukwaani ambao watu hawasemi, wanaimba tu mwanzo mpaka mwisho. Wakigombana wanaimba. Wakichomwa kisu wanaimba kwanza ndipo wanakufa. Na hapo kwenye kanda anamwimbia mpenzi wake ambaye yuko kitandani anakata roho.

"Mbele ya watu wote hao?" mama akauliza.

"Mbele ya watu wote," padri akasema.

"Na mke wake wa nyumbani, yeye anamwimbiaga saa ngapi?"

Padri alifikiri kidogo, akakiri kwamba hajui. Watu wakacheka, lakini mimi nilikuwa nimekaa miguuni pa mama, na niliona kwamba yeye hakuuliza kwa kuchekesha.

Tangu siku ile yule mwimbaji wa Wales akawa kama ndugu yetu. Baba hakuweza kulitamka jina lake, alimwita "mwenzangu". Kila Jumapili baada ya misa alimdai padri kipande kingine cha maisha ya mwenzake, akaja kutusimulia mezani. Mwenzangu alizaliwa kijiji cha machimbo ya makaa. Baba yake alikuwa anashuka shimoni alfajiri na kutoka mweusi tititi, Jumapili anaoga, anakwenda kanisani kuimba. Hilo Kiabakari halikuhitaji maelezo. Wanaume wa machimbo ya dhahabu pale kwetu walikuwa hivyohivyo, wiki nzima vumbi, Jumapili sauti ya nne. Mwenzangu naye alishuka shimoni akiwa kijana, mpaka siku moja watu wenye masikio wakamsikia, wakachanga, wakampeleka London kusoma kuimba. Baba alipofika hapo alikuwa anaacha kula. Kusoma kuimba! Kama vile mtu anavyosomea udaktari! Mwenzangu akaimba kwenye majumba makubwa ya michezo bila kipaza sauti na mtu wa mwisho kabisa anasikia. Akavuka bahari kwenda kuimba Marekani. Lakini kila mwaka alirudi kijijini kwao kuimba kwenye kanisa dogo, bure.

Sasa, katika kusimulia, padri alitaja pia jinsi mwimbaji yule alivyoitunza sauti yake. Hakunywa maji ya baridi. Alivaa skafu ya sufu shingoni. Na siku moja kabla ya kuimba hakutamka neno, hata moja. Padri alisema hayo kama kichekesho cha watu maarufu. Baba akayachukua kama amri za Mungu.

Skafu alishonewa na shangazi yetu wa Bunda kutoka kwenye sweta kuukuu la shule. Nyinyi mnalijua jua la Kiabakari mwezi wa pili. Wenzake wamevua mashati, mashine inatema joto, baba amejifunga sufu mpaka kidevuni, jasho linachora mifereji kwenye unga wa usoni. Hakuna aliyemwambia kwamba yule wa Wales alikuwa anajikinga na baridi. Nadhani padri mwenyewe aliona, ila alishindwa pa kuanzia.

Na Jumamosi ikawa siku ya kunyamaza. Kwa kuwa kwaya iliimba kila Jumapili, hakukuwa na Jumamosi ya kupumzika. Mashineni hakuna aliyepata shida, maana ule mngurumo ulishawafundisha watu kuzungumza kwa mikono. Kidole kimoja juu, saga mara moja. Kusugua vidole gumba, nataka laini. Kupiga tumbo, huu ni wa pombe. Shida ilikuwa nyumbani. Baba alipiga makofi kuita, alipiga meza kukataza, na kwa mambo mengine alitegemea macho. Sisi tukagundua mapema kwamba mtu asiyesema hawezi kusema hapana. Magesa alikuwa anajipanga mbele yake na kuuliza haraka, "Baba-niende-kuogelea-bwawani-ukikataa-sema," kisha anahesabu kimoyomoyo na kutoweka. Fimbo ilimsubiri Jumatatu, lakini bwawa lilikuwa la Jumamosi.

Ndipo tukabuni mchezo wetu. Kama kuna nchi ambako watu wanaimba badala ya kusema, na sisi tungeimba. Jumamosi nzima hakuna mtoto aliyeongea kawaida. Tukicheza rede uwanjani, aliyepigwa mpira alianguka chini na kuimba kwanza kabla ya kutoka. Tukicheza kombolela, aliyejificha alijulikana alipo kwa sababu alikuwa anaimba kwamba amejificha. Watoto wa jirani wakaingia, mtaa mzima ukaambukizwa. Nakumbuka nimeshika sahani nikimwimbia mama, mkono mmoja kifuani, kwamba michembe, vile viazi vikavu, imekwisha na moyo wangu unavunjika, naye anajibu kwa sauti yake ya pili, taratibu, bila kugeuka jikoni, kwamba michembe iko kwenye kapu na asiye na macho alale njaa.

Mama alikuwa na sauti nzuri. Hilo ningelisema mapema. Yeye na baba walikutana kwaya. Akina mama wanasimama mbele, wanaume nyuma, na mwalimu wa kwaya aliyeandika nota za do-re-mi ubaoni kwa chaki alimpanga baba nyuma ya mama kabisa. "Sikuwahi kumwona akiimba," mama alinisimulia siku moja tukibangua karanga. "Namwonea wapi, na mimi natazama mbele? Nilikuwaga namsikia mgongoni. Sauti inaingia hapa, katikati ya mabega, ndiyo inakuja masikioni. Masikio yalikuwa yanachelewa." Akapepeta maganda. Alipoolewa na kuanza kuzaa akaacha kwaya, kwa kuwa mtu wa kuchota maji, kulima na kunyonyesha hawezi kuwahi mazoezi. Baba akaendelea. Ikawa watu wote wanamsikia isipokuwa mama, kwa maana baba nyumbani hakuimba. Jumamosi ananyamaza, Jumapili jioni amechoka, siku za kati anaipumzisha. Na mama kanisani, akiwa na mtoto mgongoni na mwingine anavuta kitenge, alimsikia kwa mbali kama anavyomsikia mtu yeyote.

Mwaka mmoja kwaya yetu ikaingia mashindano ya kwaya kule Musoma mjini. Wimbo waliouchagua ulikuwa na kipande cha baba peke yake, wengine wote wananyamaza. Ninyi mnakumbuka mambo yalivyokuwa: sare zimefuliwa na kupigwa pasi ya mkaa, akina mama wamesukwa, lori la kubebea pamba limeombwa. Wangeondoka Jumamosi mchana, walale Buhare kwa wenyeji, Jumapili waimbe.

Wiki hiyohiyo mama akashikwa na malaria, ile kali ya zamani iliyokuwa inamlaza mtu kweli. Jumamosi asubuhi homa ilikuwa imeanza kushuka. Tulimtandikia mkeka uani apate jua. Alikuwa amekonda usoni, midomo imekauka. Baba alikuwa tayari na sare yake na skafu yake, amekaa kwenye kigoda karibu naye, anampepea kwa kipande cha boksi. Lazima niseme hivyo ili msimwelewe vibaya. Alikuwa hajalala vizuri, alimpikia uji mwenyewe, alimshika mkono.

Mama akafumbua macho. "Baba Magesa," akasema, "niimbie kidogo. Ule tuliokuwaga tunaimba zamani. Kidogo tu, hata mstari mmoja."

Baba alimtazama. Nilimwona akifungua mdomo. Halafu akaweka vidole kooni, akageuka, akanyoosha mkono kuelekea Musoma.

Mama aligeukia ukuta wa nyumba. Honi ya lori ilipolia barabarani baba alisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akaenda. Niliumia sana siku ile, na nilikuwa mdogo kiasi cha kutojua nimeumia kwa ajili ya nani.

Walishinda. Magesa, aliyepanda nao lori, alirudi amekauka sauti yeye kwa kushangilia. Alitusimulia kwa mikono na miguu: jinsi njiani kwaya nzima iliimba juu ya lori kwenye vumbi isipokuwa baba aliyewekwa mbele kwa dereva na kufungiwa dirisha, jinsi kwaya nyingine zilivyofika zimekwaruzika sauti, jinsi upepo wa ziwa ulivyokuwa unapeperusha sare, jinsi baba alivyovua skafu, akaikunja, akaanza.

"Aliimba vizuri?" mama akauliza kutoka kitandani.

"Mama, watu walisimama! Mpaka maaskari!"

"Nimekuuliza wewe. Aliimba vizuri?"

Magesa akapoa. "Vizuri sana, mama."

"Basi. Afadhali."

Walipewa kombe na mbuzi. Mbuzi aliliwa parokiani na baba akaja na mbavu zake zimefungwa kwenye majani. Mama alizipika, akamwekea maji ya kunawa, akampakulia ugali. Hakusema neno. Baba alimshukuru, akamsimulia mashindano, akamwuliza anajisikiaje. Mama aliweka vidole kooni na kunyoosha mkono kuelekea jikoni.

Ikawa hivyo Jumatatu, Jumanne, wiki yote. Kwetu sisi alizungumza kawaida na kucheka na majirani, lakini baba akitokea tu, vidole kooni. Baba aliomba radhi. Alileta sukari. Alimtuma shangazi wa Bunda. Shangazi alipofika na kusikia kisa alikaa upande wa mama, akala sukari, akaondoka.

Jumamosi ikafika na zamu ya baba ya kunyamaza ikakutana na ya mama. Sijawahi kuona nyumba ya namna ile. Hata chumvi wanaombana kwa macho. Sisi watoto hatukuthubutu hata kuimba. Mama alikuwa amebandika maziwa, akayapa mgongo, anachambua mchicha. Baba kwenye kigoda akayaona maziwa yanaumuka. Akapiga makofi. Mama akachambua mchicha. Akapiga goti, akapiga kigoda, akasimama akaonyesha kwa mikono yote miwili kama anaongoza ng'ombe. Mama akatoa jani bovu, akalitazama vizuri, akalitupa.

"Mama Magesa! Maziwa!"

Sauti ile ilifika barabarani. Kuku walitawanyika. Maziwa yalishazima moto. Mama akageuka taratibu, akamtazama, akasema, "Kumbe sauti ipo."

Nani alianza kucheka sijui. Nakumbuka tu baba amekaa chini, kwenye vumbi, skafu imefika puani, anacheka huku anajifuta machozi, na mama ameshikilia nguzo. Walipotulia baba alimwambia mbele yetu wote, kwa maneno, siku ya Jumamosi, "Nisikilize mama watoto. Siku nikiacha kwaya nitakuimbia wewe tu. Nitakuimbia mpaka wewe mwenyewe uniambie nyamaza."

"Haya," mama akasema. "Nitasubiri." Na sisi tukalala na njaa ya maziwa.

Baada ya mashindano yale baba hakuwa mtu wetu tena. Ndoa ya Bunda ilikuwa haijakamilika bila yeye. Padri mpya akipewa daraja Musoma, anaitwa. Akifiwa mtu mkubwa Butiama, anafuatwa kwa baiskeli, baadaye kwa pikipiki. Watu wa redio walikuja wakamrekodi, na jioni ile wimbo wake uliporushwa mtaa mzima ulikusanyika uani kwetu kuzunguka redio moja, baba akiwa amesimama pembeni anajisikiliza kwa mashaka, kama anamsikiliza mpangaji. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ikiwa redio inaweza kuwekwa nyuma yake imwimbie mgongoni. Watu hawakuelewa. Baba alielewa, akainamisha kichwa.

Padri wetu alipozeeka akaitwa arudi kwao. Siku ya kuaga alimwachia baba ile kanda na redio kaseti yake. Akamwambia pia habari za mwenzake: ameacha kuimba, sauti imemtoka, anaishi na mke wake kijijini karibu na bahari.

"Basi sasa ndiyo anamwimbia," mama akasema.

"Kwa kweli sijui, mama," padri akajibu. Hata sisi hatukujua, wala hatutajua, maana padri naye alishatutoka.

Na zamu ya baba ikaja. Mnaweza kujikinga na maji baridi, na upepo, na maneno ya Jumamosi, lakini unga wa miaka yote ile ulipita kwenye kitambaa. Alianza kukohoa. Pasaka moja, katikati ya kipande chake, sauti ilipanda ikakatika, akabaki na mdomo wazi, wenzake wakamdaka na kuendelea. Baada ya misa alivua skafu akaikabidhi kwa mwalimu wa kwaya kana kwamba ilikuwa mali ya parokia. Kwa muda mrefu hakuimba popote. Alikaa uani na kanda ile, redio kaseti yenyewe imeharibika, akiizungusha kwa penseli. Nilikuwa nimeshaolewa Mwanza, nilikuwa nakuja na kuondoka, na kila nikiondoka nilikuwa nalia ndani ya basi. Mama naye akaanza kupungukiwa masikio. Kwanza hakusikia hodi, halafu simu, halafu sisi.

Juzijuzi, siku ya Ijumaa, nilikwenda Bunda kwenye harusi ya mtoto wa Magesa; baba na mama walishindwa safari. Kwaya ilikuja na sare zinazometameta, spika zimepangwa kufika juu ya mahema. Bwana mdogo mmoja alibonyeza simu yake, wimbo ukaanza wenyewe, na sauti zote ndani yake tayari. Wao walikuwa wanacheza tu na kufumbua midomo. Walicheza vizuri, siwezi kuwanyima haki yao. Nilimwuliza mmoja yeye ni sauti ya ngapi. Akafikiri. "Mimi shangazi nashikaga kamera," akasema. Watoto hawa wanajirekodi wakiamka, wakila, wakioga, na kabla hujala keki wimbo umeshafika Dubai. Sina ugomvi nao. Ila nilipokuwa nimekaa pale, masikio yananiuma, niliwaza kwamba hakuna hata mmoja wao ambaye jana yake alinyamaza kwa ajili yetu. Nikaikumbuka skafu ya sufu na jua la mwezi wa pili, nikatamani kucheka na mtu anayejua, na Magesa alikuwa mbali anahangaika na wageni.

Kesho yake, Jumamosi, nikapita nyumbani Kiabakari bila kutoa taarifa. Mashine ya kusaga siku hizi ni ya umeme, inanong'ona tu. Nilipiga hodi, hakuna aliyeitika. Nikazunguka nyuma.

Walikuwa uani, jua la saa kumi. Baba ameketi kwenye benchi, mgongo ukutani. Mama ameketi mbele yake kwenye kile kigoda cha zamani, ameegemea kifua chake, ungo wa karanga mapajani, amefumba macho. Na baba alikuwa anaimba. Ulikuwa ule wimbo wao wa kwaya, wa enzi anasimama nyuma yake.

Niwaambie ukweli, nyinyi mliomsikia zamani. Sauti imekwisha. Inakwaruza, inatafuta njia, ikipanda hatua mbili inakatika, anakohoa, anaanza tena alipoachia. Kama ningeisikia redioni ningeizima. Nilisimama kwenye pembe ya nyumba nimeshika mkoba, machozi yananitoka.

Mama akafumbua macho, akaniona. Hakushtuka wala hakujitoa. Alipaza sauti kama wanavyopaza wasiosikia.

"Nyangeta! Umefika! Njoo umsikie baba yako! Kila siku ananiimbia. Huko masikioni sipati kitu, lakini hapa," akagusa nyuma ya bega lake, "hapa naipata yote. Unaisikia? Haijabadilika hata kidogo. Ni ileile!"

Baba aliacha kuimba. Alinitazama juu ya kichwa cha mama, kwa yale macho aliyokuwa anatusemea nayo tukiwa wadogo, na taratibu akaweka vidole kooni.

Nikatua mkoba, nikakaa kwenye mkeka, nikavuta ungo nibangue karanga. Baba akaanza tena. Nami nikanyamaza, mama abaki na ileile yake. Ilikuwa Jumamosi.